Daftari la Jumamosi

Paka wa tatu alilia kutoka dawati la nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

Mkemia, kama wanafunzi walivyombatiza, aligeuka na chaki yake mkononi. Nyuso arobaini zilimtazama, zote za malaika. Kwa miaka minane alikuwa amepima rangi kwenye maabara ya kiwanda, na hakuna kopo lililowahi kumlilia kama paka. Kiwanda kilipofungwa, akajiunga na kozi ya mwaka mmoja ya wenye shahada wanaotaka kuwa walimu: Jumamosi chuoni, siku nyingine darasani, na mwisho mtihani wa leseni, ambao sasa ni lazima kwa kila mwalimu. Ukifeli, shule inakuaga.

"Usiwape mgongo," ilisema sauti mlangoni. "Andika umesimama upande, kama mtu anayepita penye mbwa."

Paka wote walinyamaza papo hapo.

Huyo alikuwa Kamusi, mwalimu mlezi wake. Alikuwa na miaka ishirini na mbili shuleni hapo. Hata mkuu wa shule alipita mikononi mwake. Kukohoa kwake tu kulitosha kutuliza darasa.

Alimfunza mengi. Kumwita mtukutu kwa jina kabla hajaanza. Kuuliza swali, kisha kuhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kushusha sauti wao wanapopandisha. Hakuna hata moja lililokuwemo kwenye daftari la chuo.

Lakini kila Jumatatu Kamusi alinyoosha mkono. "Lete hilo daftari, binti. Nataka nione huko chuoni wanawalisha nini."

Alilirudisha Ijumaa, pembeni limejaa alama za kuuliza. Hapo chumba cha walimu kikageuka mahakama.

"Nadharia hii maana yake nini? Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

Mkemia alieleza, kijasho kikimtoka. Alipokwama, mzee alikunja uso. "Kasome tena. Jumatatu uniambie."

Hata siku moja hakumwambia kama amepatia. Alitikisa kichwa tu, akaandika kitu kwenye kijidaftari chake. Maksi hizo, Mkemia aliwaza.

"Huyo mzee anakusomesha kuliko chuo chenyewe," mumewe alilalamika nyumbani.

"Afadhali. Anataka nifaulu."

Miezi ikaenda. Paka wakaisha darasani. Wiki ya mtihani ilipofika, Mkemia alijikaza akaomba: "Mwalimu, nisindikize hiyo Jumatano. Nikikuona tu mlangoni, nitatulia."

Kamusi alikohoa. "Haiwezekani. Nina harusi ya mpwa wangu."

"Jumatano asubuhi?"

"Wana haraka."

Basi akaenda peke yake. Ukumbi ulikuwa kimya, meza zimetenganishwa hatua mbili mbili, namba zimebandikwa juu yake. Aliitafuta yake, mia na saba, akakaa.

Kwenye mia na sita, mbele yake, mtahiniwa mwenye mvi alikuwa amepanga kalamu tatu na kifutio kipya, shati limepigwa pasi mpaka kola imesimama.

"Wewe binti," alinong'ona bila kugeuka, akikohoa kidogo, "hatua za ukuaji wa mtoto ni nne au tano?"