Kichwa cha Risasi

"Lydie, nigongee risasi hizi wewe, mikono yangu hainitii," alisema mgonjwa aliyekuwa akimhudumia nyumbani, mzee wa mtaa wa Doonside aliyebaki peke yake tangu lockdown ya korona.

Mzee alikuwa amezidisha baruti alipojijazia mwenyewe risasi zake za kuwindia. Sharti zifunguliwe, zisije zikamlipukia usoni.

Lydie akapandisha barakoa, akashika nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa vya risasi, risasi moja ikiwa imebanwa tumboni mwake, akaigonga kwenye sakafu ya gereji. Mara ya tatu kichwa cha risasi kikachomoka. Akakidondosha kiganjani, juu ya glavu.

Kilikuwa laini, kinang'aa, kizima. Kile kilichotolewa mwilini mwa mwanawe, kule kwao Uvira, kilikuwa kimepondeka kama jino bovu.

"Kiweke koponi," mzee akasema. "Hakijaharibika, kitatumika tena."

Lydie alitaka kutii. Ngumi iliyokifumbata ilikataa kufunguka.