Balbu ya Manjano

Tangu mvua zianze, wadudu walimkosesha raha Bi Tunu. Kila magharibi akiwasha taa ya barazani, mbawakawa na kumbikumbi walikuja kujigonga kwenye kioo chake, tik, tik, na wengine wakatumbukia kwenye chai ya mumewe. Leo alifunga balbu ya manjano. Muuza duka aliapa kwamba wadudu hawaipendi, na kweli, hakuja hata mmoja. Baraza ilikuwa kimya.

Mumewe, Mzee Kibwana, aliketi mahali pake, funguo za basi la shule aliloliendesha mapajani.

"Mama Siwema, washa taa basi. Giza limeingia."

Bi Tunu akacheka. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa cha mumewe, kivuli chake kimelala ukutani.

"Acha mzaha, Baba Siwema."

"Mzaha gani? Au umeme umekatika?"

Kicheko kikamkauka. Akakumbuka ubavu wa basi ulivyochubuka juzi, na mumewe alivyoapa kwamba ni mwendesha bodaboda aliyemparuza. Na kesho alfajiri, kungali kiza, angekwenda kuwapitia watoto majumbani kwao.

Alipanda kigoda, akagonga kioo cha taa kwa ukucha. Tik. Tik, tik.

"Haya, sasa umewasha," alisema Mzee Kibwana, uso ukimkunjuka. "Hapo tunaonana."

Bi Tunu alishuka polepole, akazunguka nyuma ya kiti, akanyoosha mkono kuelekea kwenye zile funguo. Mumewe alikuwa bado anakitabasamia kigoda kitupu.