Isale la Kuomba Msamaha

"Lishike," mama mkwe alisema mbele ya ukoo mzima, akimpa Yuditha jani la isale lililofungwa fundo. "Kamwombe babu msamaha. Ulikata isale lililopandwa kaburini kwake ukiwa na mimba, ndiyo maana umetuletea laana hii."

Yuditha alimtazama huyo laana mwenyewe, mwanawe mchanga, amelala mapajani mwake. Macho ya mtoto yalikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele.

"Mama, daktari amesema kioo cha jicho huumbwa mtoto angali sawa na punje ya kahawa. Mimi nilikata isale tumbo limeshanitangulia mlangoni."

"Daktari wako anamjua babu?" shemeji alidakia. Watu wakacheka.

"Hamjui. Na babu hakuwemo tumboni mwangu."

Yuditha akalipokea jani. Wakashusha pumzi, wakidhani amekubali.

Akasimama, akamweka mtoto mapajani mwa mama mkwe, akamrudishia jani mkononi.

"Isale hupelekewa aliyekosewa. Umemwita mjukuu wako laana. Mwombe yeye."

Mtoto alisikia jani likichakacha mkononi mwa bibi yake, akainua mkono, akaanza kulipapasa hewani.