Ekseli Kwenye Majivu

Walipofika ukingoni mwa korongo, kwenye njia ya kwenda Piyaya, abiria walishuka bila kuambiwa. Walibeba kuku na mafurushi yao wakavuka kwa miguu, maana korongo lile lilikwisha kuizoea ekseli ya mbele ya gari la Boazi, likiivunja kila lilipotaka.

Mkewe hakushuka. Alikaa pale pale kando ya mumewe aliyeshika usukani, beseni la mayai mapajani, mayai yenyewe kayafukia kwenye pumba.

“Shuka, mke wangu,” Boazi alisema.

“Kwani jana mlichomelea nini?”

Walichomelea ubapa wa springi ya lori chini ya ekseli, mwisho hadi mwisho. Fundi alitaka kuupoza kwa maji. Boazi akakataa katakata, chuma kisije kikapata ufa. Akaifukia ekseli nzima kwenye majivu ya moto ya jikoni, ipoe taratibu. Usiku huo walikula kiporo, kwa kuwa moto wote ulikwenda kwa ekseli.

“Haya, nenda, Baba Rozalia. Usikanyage breki.”

Gurudumu la mbele likazama. Gari likainama, chuma kikalalamika chini ya miguu yao. Boazi akausubiri ule mlio anaoujua.

Haukuja. Pua ya gari ikainuka, wakatokea ng'ambo katikati ya vigelegele vya abiria.

Mkewe akapapasa ndani ya pumba, yai kwa yai.

“Mazima,” alisema. “Na ekseli ya nyuma mtaichomelea lini? Safari hii nitapika kwanza.”