Mashine Ikipata Moto

Ngoma ya chini ilikuwa inadanganya. Mjane aliisikia kabla hata hajakaa vizuri kwenye kiti.

“Siyo hiyo,” alisema.

“Ndiyo hiyo hiyo, shemeji. Kompyuta haisahau. Tunaosahau ni sisi.” Fundi alimsogezea kikombe. “Maliza chai kwanza.”

Ndivyo alivyokuwa tangu ujana wake. Wapiga gitaa wa zamani walikuwa wakimwiga: una njaa, maliza kwanza, mkeo anajifungua, maliza kwanza. Hakuna wimbo uliotoka studio kwake nusu nusu, na ndiyo maana kila mwimbaji alimkimbilia.

Hii ilikuwa Alhamisi ya kumi na nne. Kila Alhamisi mchana mjane alipanda ngazi hadi chumba hiki chenye mazulia ya kijivu ukutani, akanywa chai, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Alichokuwa akikitafuta ni dakika nne za mwisho za kanda moja. Aliichomoa kwa mkono wake siku mumewe alipofia studio, miaka ishirini na sita iliyopita, watu wakihangaika kupitisha maiti mlangoni. Mumewe aliitwa Kifua. Mashabiki walilipenda jina hilo kwa sababu hawakujua kwamba kifua chenyewe kilikuwa kibovu. Pumu ilimwandama tangu utoto. Siku hiyo alikuwa peke yake katika chumba cha kuimbia. Fundi alikuwa ametoka kwenda kutafuta kanda nyingine, akaiacha ile ya kwanza ikizunguka na kurekodi, na mashine ya ngoma ikipiga, ili rafiki yake afanye mazoezi. Aliporudi alimkuta sakafuni. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa juu ya meza ya fundi, upande wa pili wa kioo kinachomtenga fundi na mwimbaji. Aliisahau, watu walisema, na mjane alimkasirikia marehemu kwa usahaulifu huo miaka mingi kuliko alivyomlilia.

Ukiisikiliza kanda, dakika hizo nne ni ngoma tupu. Chini yake kuna sauti ya mtu, lakini huokoti hata neno. Mjane alikuwa akizeeka, na aliyataka maneno hayo kabla hajafa. Kama mumewe alimwita, alitaka kujua kwamba alimwita.

Mpwa wake ndiye aliyemwambia kuwa siku hizi inawezekana. Unaiunda upya mashine ile ya zamani ndani ya kompyuta, mlio kwa mlio. Ukiipata sawasawa, unaigeuza na kuipambanisha na kanda: ngoma zinafutana, kinabaki kilichokuwa kimefunikwa. Zikipishana hata kidogo, hazifutani. Mpwa alitaka kanda ipelekwe kwa vijana fulani anaowajua. Fundi alipopata habari, alikuja nyumbani mwenyewe.

“Mashine ilikuwa yangu, na Kifua alikuwa ndugu yangu,” alisema. “Kazi hii asiiguse mtu mwingine.”

Mashine yenyewe alikwisha kuitupa, wiki ile ile ya msiba. Hakuweza kuitazama, alisema. Mjane alimshukuru huku akilia.

Sasa fundi alibonyeza tena. Snea, ile ngoma ndogo ya mlio mkali, ilikuwa sawa. Mlio wa kofi ulikuwa sawa, lile kofi kavu ambalo mjane alilichezea miaka tisa kwenye harusi za watu, akiitikia nyuma ya mumewe. Kisha ngoma ya chini ikaja, nyepesi, safi.

“Umeiweka baridi,” mjane alisema.

Fundi aligeuka.

“Mashine yako ilikuwa na ugonjwa wake. Ikiwaka saa mbili tatu inapata moto, basi ngoma ya chini inashuka, inakuwa nzito kama mtu anayeburuta gunia. Tulikuwa tunaipepea kwa trei katikati ya harusi. Umesahau?”

“Siku ile tulikuwa ndiyo kwanza tumewasha, shemeji. Hata wimbo haujaanza, mimi nikatoka.”

“Niliwaletea chakula saa sita. Mlikuwa mmeiwasha tangu asubuhi. Kifua akaniambia nilete yai nilikaangie juu yake.”

Fundi hakucheka. Aliangalia kikombe cha mjane, kilichokuwa kimejaa bado.

Kwenye skrini mashine ilichorwa nzima, kila kitufe mahali pake. Pembeni, fundi alikuwa amechora hata kitufe cha kuzungusha cha joto. Kilikuwa kwenye sifuri. Mjane alikiona, akashangaa kidogo kwamba hakuwahi kukiona kikiguswa, akanyoosha mkono na kushika kipanya.

“Utaiharibu, shemeji.”

“Basi utaitengeneza.”

Alifumba macho, akazungusha polepole. Ngoma ikashuka, ikashuka tena. Alipita kidogo, akarudi. Ghafla mguu wake ukaanza kucheza wenyewe chini ya meza, mguu wa mwanamke wa miaka sitini na mbili, na machozi yakamtoka, kwa sababu ilikuwa ndiyo hiyo.

Kitufe cha kupambanisha alikuwa amemwona fundi akikibonyeza Alhamisi kumi na tatu. Fundi alisimama, akanyoosha mkono kuelekea swichi ya umeme ukutani. Halafu mkono ukaanguka, naye akakaa.

Mjane akabonyeza.

Ngoma zikapotea zote. Ikabaki mikwaruzo ya kanda, na mtu akivuta pumzi ambayo haikuwa inaingia. Kiganja kiligonga kioo, mara mbili.

“Nipe dawa,” Kifua alisema. “Ndugu yangu, naiona hapo mezani. Nipe.”

Ndani ya kanda, spika ya ukutani ambayo fundi aliitumia kusema na waimbaji ikakwaruza, ikamjibu kwa utulivu.

“Maliza ubeti kwanza.”