Viwiko vya Bwana Kofia

"Kunjeni mikono ya mashati," alisema Mama Usalama.

Wanaume walikuwa wamejipanga kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha kiwanda cha magodoro, mabegi chini, vumbi la sponji nyweleni. Mama Usalama, ambaye kazi yake pale ilikuwa kuhakikisha wafanyakazi wanafika na kurudi kwao wazima, alipita akikagua viwiko kama nesi wa chanjo. Mkata sponji alikuwa na kovu refu ambalo bado lilikuwa bichi. Mshonaji alikuwa nayo mawili. Mtunza stoo alikuwa na bandeji, nayo ilikuwa imeshageuka rangi ya chai.

Akafika kwa mfunga mizigo, yule waliyemwita Bwana Kofia. Viwiko vyake vilikuwa laini kama vya bwana harusi.

"Na wewe baiskeli unayo?"

"Ninayo, mama. Nakuja nayo kila siku."

"Tunaikuta imeshafungwa kwenye nguzo, yeye anajipepea," mkata sponji akadakia. "Huyu malori yanamwogopa."

Wakacheka, lakini si sana. Asubuhi ile meneja alikuwa amesema neno zito. Barabara ya viwandani imejaa malori, na kwenye mzunguko wa magari ulio karibu na kiwanda watu wake wanadondoka kila wiki. Akianguka mwingine mmoja kabla ya mwezi kuisha, baiskeli hazitaingia tena getini. Kwa wanaokaa ng'ambo ya daraja, hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa waamke saa wachawi wanaporudi kulala.

Baiskeli ya Bwana Kofia ilikuwa zawadi ya mkewe, fundi cherehani, aliyeshona sare za shule hadi macho yakamuuma ndipo akaipata. Siku alipomkabidhi, majirani wamejaa mlangoni, mume alishika usukani kwa mikono miwili asiuachie. Mke akajua ni furaha. Tangu hapo, kila alfajiri alimfunga mwenyewe kofia ngumu kidevuni, akamvalisha koti la njano lenye mistari ya kung'aa, kisha akasimama kizingitini kumsindikiza kwa macho. Mume aliikokota taratibu mpaka kona, maana uchochoro ule ulikuwa na watoto, kuku na madimbwi.

"Baba Watoto ana utu," mke aliwaambia majirani. "Mwingine angewapigia kengele."

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Viatu vya mumewe viliisha soli upesi mno.

"Breki zake mbovu nini? Au unasimamisha kwa miguu?"

"Miguu ndiyo ninayoiamini, mke wangu."

Basi, pale kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Mama Usalama alivuta benchi akakaa. "Haya, wafundishe wenzako. Ukifika kwenye mzunguko unafanyaje?"

Bwana Kofia alijikuna shingo. "Kwanza natoka nyumbani mapema. Nikifika pale nasimama. Kama lori linakuja, siendi, hata dereva akinipungia mkono. Malori yakikatika, navuka penye mistari, pamoja na wanaotembea."

"Huoni aibu?" akauliza mshonaji. "Dume zima, unavuka na akina mama wenye vikapu?"

"Wa kunicheka wote wako hapa," alisema Bwana Kofia, "wamefungwa bandeji."

Mama Usalama aliona amepata dawa. Kuanzia kesho yake wote walitakiwa kupita mzungukoni kama Bwana Kofia. Walinung'unika. Mkata sponji alisema anajihisi kama bibi harusi anayepelekwa kwa mumewe. Lakini walisimama, walingoja, walivuka penye mistari. Makovu yakaanza kufifia, na bandeji ya mtunza stoo ikatupwa jalalani.

Aliyelalamika alikuwa fundi baiskeli wa pale getini, aliyezoea kunyoosha rimu zao.

"Mtaniua kwa njaa," aliwaambia. "Na kiongozi wenu ndiye mbaya zaidi. Tangu nimjue hajaniletea hata pancha. Kiti chake bado kina nailoni ya dukani."

"Huko ndiko kutunza kitu," mkata sponji akamjibu. "Wewe cha kwako ungeshakikalia mpaka chuma."

Mwezi ukaisha bila mtu kuanguka. Meneja akawakusanya uani, akatangaza kwamba baiskeli zitabaki. Watu wakapiga makofi mpaka wapishi wakatoka jikoni kuona kuna nini. Mke wa Bwana Kofia alikuwa amealikwa; aliketi mbele kabisa, ndani ya gauni alilojishonea kwa siku ile, shingo imenyooka.

"Shemeji," mkata sponji akamnong'oneza, "huyu mume wako ametuokoa."

"Namjua," akasema mke.

Meneja akainua mkono. "Sasa Bwana Kofia atatangulia, wenzake watamfuata hadi mzungukoni na kurudi. Mkewe amwone kwa macho yake."

Wote wakapanda baiskeli zao, mguu mmoja chini, wakingoja. Geti likafunguliwa. Bwana Kofia alisimama kando ya baiskeli yake, ameshika usukani kwa mikono miwili, kama siku ile mbele ya majirani.

"Panda basi, Baba Watoto," mkewe akasema kwa upole. "Watu wanakungoja."

Bwana Kofia alimtazama. Akafungua ukanda wa kofia, akaivua, akaitundika kwenye kengele.

"Mke wangu," akasema polepole, "ningekuwa najua kuendesha, viwiko vyangu si vingekuwa kama vya hawa?"