Sida ya Mama

Tangu Sheria ya Sauti Moja ipite, kila mtu huvaa kooni kidude cha kunyoosha lafudhi, na hakuna anayeweza kukujua kabila kwa kukusikia. Opondo, fundi wa mageti, aliipenda sheria hiyo bila kuficha. Chaguzi mbili zilikuwa zimepita bila nyumba hata moja kuchomwa mtaani kwao.

Lakini siku mama yake alipofika kutoka Siaya, Opondo alifunga mlango wa jikoni, akafunga na dirisha.

"Mama, vua hicho kidude."

"Unataka nifungwe uzeeni?"

"Dakika moja tu. Nataka nikusikie ukisema 'sida' kama zamani."

Maana zamani mama hakuweza kabisa kutamka 'shida', na wanawe walikua wakimcheka.

Kerubo, mkewe Opondo, alicheka akigeuza ugali. "Watu wanazikimbia shida, wewe unaziagiza nyumbani!"

Mama akakivua, akajikuna shingo. "Haya. Mimi sina shida."

Sauti ilikuwa yake, ile ya kukwaruza. Neno lilikuwa limenyooka.

"Hapana, Mama. Sema ile yako."

"Shida," alisema mama kwa fahari, kama aliyefaulu mtihani wa uraia. "Yangu ipi tena?"

"Husikii? Ngoja nikuonyeshe."

Opondo akavua kidude chake, akakiweka mezani. Akakohoa, akafungua mdomo, akajaribu kusema 'sida' mara tatu huku mama na Kerubo wakimtazama.

Mara zote tatu, ulimi ulimletea shida.